Ferguson Alibaki na Jina, Injini Zikawa za Wengine

Wapo wakazi wa Buruburu, na kwa hakika wa Eastlands nzima, ambao akiba yao huvuka Nairobi na kuishia mashambani, Kitale au Narok. Msimu wa kulima uwadiapo, wengi wao hukodi trekta jekundu lenye jina la Massey Ferguson. Ni wachache wajuao kwamba Ferguson alikuwa fundi wa gereji, na kwamba maisha yake ni funzo kwa mafundi wetu wa jua kali.

Harry Ferguson alizaliwa mwaka 1884 katika familia ya wakulima kaskazini mwa Ireland. Mwaka 1902 alijiunga na gereji ya kaka yake mjini Belfast, na mwishoni mwa 1909 akarusha ndege aliyoiunda mwenyewe. Hata hivyo, sifa zake zilitokana na plau. Siku zile trekta lilikokota plau kama punda akokotavyo mkokoteni. Plau ikikwama kwenye jiwe, trekta liliweza kuinuka mbele na kumwangukia dereva. Ferguson aliifunga plau kwa vyuma vitatu na kuiinua kwa shinikizo la mafuta, hata uzito wa kazi ukayakandamiza magurudumu ardhini. Mtindo huo ungali unatumika ulimwenguni kote.

Upungufu wake ulikuwa mmoja: alikuwa na uvumbuzi, lakini hakuwa na kiwanda wala injini. Mwaka 1936 alikitegemea kiwanda cha David Brown, na injini za kwanza zikanunuliwa kwa Coventry Climax. Wakakosana. Mwaka 1938 akapatana na Henry Ford wa Marekani kwa kupeana mkono tu, bila mkataba wa maandishi. Mjukuu wa Ford aliposhika hatamu aliyavunja mapatano hayo, akaendelea kuunda matrekta ya mtindo ule ule. Ferguson alishtaki, na mwaka 1952 akalipwa dola milioni 9.25.

Mwaka 1953 kampuni yake iliunganishwa na Massey-Harris ya Kanada. Mwaka uliofuata akajiondoa. Warithi wake waliuziba upungufu ule mwaka 1959 kwa kuinunua Perkins, waundaji wa injini za dizeli. Ferguson alifariki mwaka 1960. Lakini mnunuzi naye hununuliwa: Massey Ferguson ilitwaliwa na AGCO ya Marekani mwaka 1994, ilhali Perkins iliangukia mikononi mwa Caterpillar mwaka 1998. Mwaka 2004 AGCO nayo ikainunua Valtra ya Ufini, pamoja na kiwanda cha injini cha Sisu Diesel.

Basi mwenye shamba anunuapo trekta asidanganywe na rangi wala jina. Na aulize injini ni ya nani na vipuri vyake vyapatikana wapi. Naye fundi wa jua kali asajili uvumbuzi wake na kutia sahihi mkataba kabla ya kumfungulia tajiri karakana. Mali bila daftari hupotea bila habari.