Virginia Apgar: jina lililoandikwa kwenye fishi ya mtoto wako

Kama ulizalia kwenye materniti ya huku kwetu, Bunia ao Bukavu, Goma ao Kalemie, angalia fishi ya mtoto. Mara nyingi utakuta pameandikwa Apgar, na mbele yake namba: 9, 10, pengine 4. Wengi wanazani ni neno la Kifaransa la waganga. Hapana. Ni jina la mwanamke. Mbele ya yeye kuleta hesabu ile, watoto waliozaliwa kimya, wa rangi ya bluu, waliwekwa mara nyingi pembeni kama wafu, kumbe wengine moyo ulikuwa ungali unapiga.

Virginia Apgar alizaliwa tarehe 7 Juni 1909 kule Westfield, katika jimbo la New Jersey, Marekani. Sisi watu wa radio tunampenda sana baba yake, Charles. Alifanya kazi ya bima, lakini nyumbani alikuwa na mashine zake za radio. Mwaka 1915, wakati wa vita kuu ya kwanza, alinasa kwenye silinda za nta ujumbe uliorushwa na kituo cha Wajerumani cha Sayville, karibu na New York, na serikali ikachukua kituo kile. Lakini nyumba ilijua magonjwa pia: kaka mmoja wa Virginia alikufa na kifua kikuu, mwingine aliugua bila kupona. Haishangazi kwamba binti alitaka kuwa munganga.

Alipata udaktari kwenye Universite Columbia mwaka 1933, na madeni kichwani, wakati uchumi wa Marekani umeanguka. Alitaka kazi ya kupasua. Mkubwa wake, Allen Whipple, aliona ana mkono mzuri, lakini alimshauri aachane nayo, sababu wanamke waliopasua hawakupata wagonjwa wa kuwalisha. Afazali asomee kulaza wagonjwa usingizi, kazi ambayo siku zile iliachiwa wauguzi. Virginia alikubali. Alijifunza kwa Ralph Waters kule Wisconsin, kisha New York, na mwaka 1938 akaongoza kazi ile kwenye hospitali yake. Mwaka 1949 akawa mwanamke wa kwanza kuwa profesa kamili kwenye shule ile ya udaktari. Lakini departema ya anestezi aliyoijenga kwa miaka ilipewa mwanaume kuiongoza. Mwingine angenuna na kuondoka. Yeye alihamia chumba cha kuzalia, na hapo ndipo kazi yake kubwa ilianza.

Tuseme wazi shida ilikuwa gani. Tumboni, mtoto anapata oksijeni kwa damu inayopita kwenye kondo na kitovu. Kitovu kikikatwa, mapafu yanapaswa kuanza kazi palepale. Yakikawia, ubongo ndio unaoumia vibaya: unakula oksijeni nyingi na hauna akiba. Ndani ya dakika chache sehemu zake zinaanza kufa, na mtoto akipona anaweza kubaki na kifafa, kupooza viungo ao kuchelewa kusema na kutembea. Tena dawa ya usingizi anayopewa mama wakati wa sezarieni inaweza kupita hadi kwa mtoto na kumfanya asipumue vizuri. Wakati ule kila mtu chumbani aliangalia mama, na hakukuwa namna moja ya kupima mtoto.

Asubuhi moja ya mwaka 1949, wakila kwenye kantini ya hospitali, mwanafunzi alimuuliza mtoto mchanga apimwe namna gani. Virginia alishika karatasi iliyokuwa karibu, akaandika mambo matano: mapigo ya moyo, kupumua, nguvu ya misuli, namna mtoto anavyoitika akiguswa, na rangi ya ngozi. Kila jambo linapewa 0, 1 ao 2. Moyo usiopiga ni 0, chini ya mara 100 kwa dakika ni 1, zaidi ya 100 ni 2. Akainuka, akaenda kuijaribu palepale. Aliitoa mbele ya madaktari mwaka 1952, ikachapishwa 1953. Alitaka ipimwe dakika moja baada ya kuzaliwa. Baadaye dakika ya tano iliongezwa.

Hesabu ile ilimgeukia yeye mwenyewe. Pamoja na Duncan Holaday na Stanley James alipima damu ya watoto, wakaona kwamba waliozaliwa na namba ndogo wana oksijeni kidogo na asidi nyingi. Siklopropani, gazi ya usingizi aliyoipenda kuliko zote, ililegeza watoto kuliko dawa zingine. Aliiacha. Kwangu mimi, hilo ni kubwa kuliko ile karatasi ya kantini.

Uchunguzi wa watoto zaidi ya 17,000 ulionyesha baadaye kwamba namba ya dakika ya tano inaambatana na kuishi na hali ya ubongo. Lakini wazazi, sikilizeni: namba ndogo peke yake haisemi mtoto wako ataharibika ubongo. Wala muganga hapaswi kungoja dakika ya kwanza iishe. Asiyepumua anakaushwa, anasuguliwa mgongo, na akiwa bado kimya anasukumiwa hewa kwa mfuko na maski mara moja.

Mwaka 1959 aliacha hospitali, akasomea afya ya watu wote kule Johns Hopkins, akaingia shirika la March of Dimes kupigania watoto wanaozaliwa na kilema, hata kutetea chanjo ya rubela. Hakuolewa. Alitembea na kisu kidogo na mpira wa kupitisha hewa kooni, mtu asije akafa mbele yake kwa kukosa pumzi. Tena alichonga vyombo vya muziki vya nyuzi: mwaka 1957 yeye na rafiki yake Carleen Hutchins walichukua usiku rafu ya mbao nzuri kwenye kibanda cha simu cha hospitali, wakaweka ingine, na ile ikawa mgongo wa viola.

Alikufa tarehe 7 Agosti 1974 kwenye hospitali ileile ya New York alikofanya kazi. Mwaka 1994 posta ya Marekani ilitoa tembre yenye sura yake.