MCHEZA KWAO ASIYETUNZWA

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Leo twamkumbuka mtunzi wa Kimarekani aliyecheza kwao, na badala ya kutunzwa akafungiwa mlango.

Yip Harburg alizaliwa New York mwaka 1896, mwana wa Wayahudi maskini waliohamia kutoka Urusi. Alikuwa na biashara ya vifaa vya umeme. Uchumi ulipoanguka mwaka 1929, nayo ikafilisika. Hapo ndipo alipoishika kalamu. Mwaka 1932 alitunga wimbo wa mfanyakazi aliyejenga reli na majumba marefu, kisha akaachwa kuomba senti njiani. Maneno ya nyimbo za filamu ya The Wizard of Oz, ya mwaka 1939, ni yake pia.

Lakini sisi twaithamini zaidi kazi yake iliyosahauliwa, Finian's Rainbow, aliyoiandika pamoja na Fred Saidy, muziki ukiwa wa Burton Lane. Ilianza kuchezwa jukwaani mwaka 1947. Anayeitazama kwa haraka huona mzaha mtupu: mzee wa Ireland amemwibia kibwengo chungu cha dhahabu, akakizika Marekani akitumaini kitaota. Ndani ya mzaha huo mna shutuma kali. Seneta mbaguzi ataka kuwanyang'anya ardhi wakulima weusi na weupe wanaoishi pamoja. Ghafla, kwa nguvu ya dhahabu ile, ageuka kuwa mtu mweusi, na ubaguzi alioupigania wamwangukia yeye mwenyewe. Mtazamaji akicheka, amekwisha kukiri kwamba ubaguzi wa rangi ni upuuzi.

Wakubwa wa Hollywood hawakucheka. Katika miaka ya 1950 Harburg alitiwa katika orodha ya walionyimwa kazi za filamu kwa kudhaniwa wakomunisti, ingawa hakuwa mwanachama wa chama hicho. Filamu ya mchezo wake haikutoka hadi mwaka 1968, ikiongozwa na Francis Ford Coppola, miezi michache baada ya Martin Luther King kuuawa. Kwa wengi mzaha ule ulikuwa umekwisha kuchuja, na filamu ikapita bila kishindo. Harburg alifariki mwaka 1981.

Kawia ufike, husema Waswahili. Lakini neno la haki likizuiwa miaka ishirini, huwakuta watu wamekwisha kuzika. Kwa hiyo twasema: mtunzi anayetuchekesha kwa makosa yetu apewe jukwaa mapema, wakati makosa hayo yangali yaweza kurekebishwa.