Wakili wa Springfield

Wengi wetu tunalifahamu jina la Abraham Lincoln kuwa ni la rais wa Marekani aliyetangaza mwaka 1863 uhuru wa watumwa katika majimbo yaliyoasi. Leo hatukusudii kuuzungumzia urais wake. Tumependa tumtazame katika ile miaka takriban 24 aliyokuwa wakili katika mji mdogo wa Springfield, jimboni Illinois, kwani humo mna jambo ambalo wanaomsifu hulipita upesi.

Alizaliwa Kentucky mwaka 1809, mtoto wa mkulima, na masomo yake yote ya darasani hayakutimia mwaka mmoja. Ujanani alifungua duka kwa ubia katika kijiji cha New Salem. Duka likafilisika, mbia wake akafariki, na madeni yote yakamwangukia yeye. Wadai walimkamatia hata farasi na vyombo vyake vya kupimia ardhi, vikapigwa mnada. Jirani mmoja akavinunua na kumrudishia. Angeweza kukimbia usiku, kama walivyofanya wengi zama hizo. Yeye alikaa, akalipa kidogo kidogo kwa miaka mingi. Basi sifa ya uaminifu aliyotajika nayo baadaye ilianzia katika deni, kabla hajasimama mbele ya jaji yeyote.

Sheria alijifunza mwenyewe kwa vitabu alivyoazima kwa John Todd Stuart, wakili wa Springfield, mwendo wa kilomita 30 hivi kutoka kijijini kwake. Aligombea ubunge wa jimbo mwaka 1832 akashindwa, akarudia mwaka 1834 akashinda. Leseni ya uwakili aliipata mwaka 1836. Siasa yake ilikuwa ya mambo ya nyumbani: barabara, mifereji, reli, na mji upi uwe makao makuu ya jimbo. Yeye na wenzake wanane wa wilaya ya Sangamon, wote watu warefu wa kimo, walifaulu mwaka 1837 kuyahamishia makao makuu Springfield. Insafu yatulazimu tuseme pia kwamba miradi waliyoiunga mkono wakati huo ililitwisha jimbo deni zito. Mwaka huo huo, Bunge lilipopitisha kwa wingi mkubwa azimio dhidi ya vyama vya kupinga utumwa, Lincoln na Dan Stone waliandika kwamba utumwa ni dhulma, ingawa nao hawakuziafiki njia za vyama hivyo.

Kazi ya uwakili ilikuwa ya safari. Mara mbili kwa mwaka jaji na mawakili walizunguka wilaya hadi wilaya kwa farasi na magari ya kukokotwa, wakilala wawili wawili kitanda kimoja katika nyumba za wageni. Kesi alizoshiriki zinapindukia 5,000, nyingi zikiwa za madeni, mipaka ya mashamba na ugomvi wa majirani. Katika maandishi aliyowatayarishia mawakili chipukizi aliwausia wawashawishi watu wapatane kabla ya kushtakiana, kwa kuwa hata anayeshinda kesi hutoka na hasara ya ada na muda.

Sasa tulifikie lile jambo. Mwaka 1841, mbele ya Mahakama Kuu ya jimbo, alitetea upande uliokataa kulipa bei ya mwanamke mweusi aitwaye Nance, akihoji kwamba katika Illinois kila mtu huhesabiwa huru mpaka ithibitike vinginevyo. Mahakama ikamkubalia, na Nance akawa huru. Lakini mwaka 1847, katika mji wa Charleston huko huko Illinois, alisimama upande wa Robert Matson, tajiri wa Kentucky aliyekuwa akiwaleta watumwa kulima shamba lake la Illinois kisha akiwarudisha, ili wasipate kudai uhuru. Jane Bryant, akiogopa kuuzwa kusini, alitoroka na wanawe wanne, wakawekwa gerezani. Wakili yule yule aliyemtetea Nance akaja kudai warudishwe kwa bwana wao! Alishindwa. Majaji wawili waliwapa uhuru mama na watoto, na familia hiyo baadaye ikaenda Liberia.

Wapo wanaomtolea udhuru kuwa wakili humchukua mteja wa kwanza abishaye hodi. Sisi hatuoni kuwa udhuru huo watosha. Fundi seremala haulizwi mlango wake utamfungia nani. Wakili huujua mlango, na humjua atakayefungiwa ndani. Twaonelea kuwa Lincoln wa 1847 aliichukia dhulma moyoni huku akiikodisha elimu yake kwa mwenye kuitenda.

Baada ya muhula mmoja katika Bunge la taifa, 1847 hadi 1849, alirejea katika kesi zake, siasa akiipa mgongo kiasi. Mwaka 1854 ndipo sheria ya Kansas na Nebraska ilipofungua njia ya utumwa kuenea nchi mpya, akarudi jukwaani, safari hii akiusema waziwazi. Alishindwa useneta na Stephen Douglas katika uchaguzi wa 1858, akashinda urais mwaka 1860. Alipoondoka Springfield Februari 1861, alimwomba mbia wake William Herndon asikiondoe kibao cha ofisi yao, kwani alitarajia kurudi kazini. Alipigwa risasi Aprili 1865, na mwili wake ukarudishwa Springfield kwa treni, akazikwa huko.