Wangari Maathai, mama aliyemwaga damu ili msitu wa Karura usiuzwe

Kila asubuhi, mji wa Nairobi ukiamka, watu wanaingia katika msitu wa Karura kwa miguu, kwa kukimbia au kwa baiskeli. Njia za msitu huo zinapita zaidi ya kilometa 50 chini ya miti, karibu na maporomoko ya maji na mapango ambamo wapiganaji wa Mau Mau walijificha zamani. Wanaosimamia njia hizo pamoja na idara ya misitu ya serikali ni raia wa kawaida walioungana katika shirika la Marafiki wa Msitu wa Karura.

Lakini msitu huo, wenye ukubwa wa karibu hekta 1,000, ulikuwa karibu kugeuzwa nyumba za matajiri. Ulibaki kwa sababu ya raia waliosimama mbele ya mitambo ya kukata miti. Aliyewaongoza ni mama mmoja, Wangari Maathai, aliyefariki mwaka wa 2011.

Kwa wakaaji wa Aru, habari ya mama huyu si ya mbali. Hapa, karibu na mpaka wa Uganda, mama anajua safari ya kutafuta kuni ina urefu gani. Anajua pia bei ya makala sokoni na chemchemi ambayo haitoi maji kama zamani. Wangari alianzia hapo hapo: kuni, maji na chakula.

Mtini ambao hakuna aliyeukata

Alizaliwa tarehe 1 Aprili 1940 katika kijiji cha Ihithe, karibu na Nyeri, katikati ya Kenya. Baba yake alikuwa mfanyakazi katika shamba la mzungu upande wa Nakuru. Karibu na nyumba yao ya Ihithe kulikuwa na mtini mkubwa, na kando yake kijito cha maji safi. Mama yake alimkataza kuokota kuni za mtini huo, kwa sababu ulikuwa mti wa Mungu. Mtoto Wangari alichezea hapo, akishika mayai ya vyura yaliyofanana na shanga na kutaka kuyavaa shingoni.

Wakati huo wasichana wengi hawakusoma. Kaka yake ndiye aliyeuliza kwa nini Wangari abaki nyumbani, na mama yao akakubali aende shule. Alisoma kwa masista wa Mathari, kisha Loreto Limuru. Mwaka wa 1960 alikuwa kati ya vijana karibu 300 wa Kenya waliopelekwa kusoma Marekani. Alisoma biolojia Kansas, kisha Pittsburgh. Mwaka wa 1971 alipata udaktari wa chuo kikuu huko Nairobi, mwanamke wa kwanza kuupata katika Afrika Mashariki na ya Kati. Akafundisha katika idara ya madaktari wa mifugo.

Aliporudi kijijini kwao, mtini haukuwapo tena. Mwenye shamba mpya alikuwa ameukata ili alime chai. Kijito kilikuwa kimekauka, na vyura wamepotea pamoja nacho. Hapo mwanabiolojia alielewa kile mama yake alichokijua bila kusoma: mizizi ya mti ule ilikuwa ikishika udongo na kuleta maji juu.

Miti saba, kisha mamilioni

Katika miaka ya 1970 alikuwa akitembea vijijini kuchunguza kupe wanaoleta ugonjwa kwa ng'ombe. Aliona ng'ombe waliokonda na mito yenye rangi ya udongo wakati wa mvua. Wakati huo huo, katika Baraza la Wanawake la Kenya, alisikia mama za vijijini wakieleza shida zao. Kuni zilikuwa mbali, maji machafu, na watoto walikula chakula kibaya kwa sababu kile kizuri kinataka moto mwingi ili kiive.

Alipounganisha mambo hayo, jibu lilikuwa moja: kupanda miti. Kazi yake ya kwanza, kampuni ndogo aliyoianzisha kwa miche, ilianguka. Hakuacha. Tarehe 5 Juni 1977, Siku ya Mazingira Duniani, yeye na wanawake wenzake walipanda miti saba katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi. Huo ndio mwanzo wa shirika linaloitwa Green Belt Movement.

Mabwana misitu wa serikali walisema kazi ya miche inataka watu wenye diploma. Wangari aliwaambia mama watumie akili ile ile wanayotumia kupanda mahindi na maharage. Waliokota mbegu karibu na nyumba zao, wakazikuza katika makopo mabovu na vyungu vilivyopasuka, wakagawia majirani miche. Kila kikundi kilihesabu miti yake. Mama alipewa pesa kidogo, lakini si kwa mche aliougawa: alilipwa baada ya mti kushika na kuishi. Kwa njia hiyo hakuna aliyepanda ili apigwe picha tu na kuondoka.

Alisisitiza pia mti gani upandwe wapi. Mikaliptusi, inayoonekana leo pande nyingi za Ituri, alipinga isipandwe kando ya mito na chemchemi, kwa sababu inakunywa maji mengi. Alipenda miti ya asili ya mahali.

Kazi hiyo ilimgharimu. Ndoa yake ilivunjika, na mwaka wa 1979 mahakama ikatoa talaka. Alipomkosoa hakimu alihukumiwa miezi sita ya kifungo, akatoka baada ya siku tatu. Mwaka wa 1982 aliacha kazi ya chuo kikuu ili agombee ubunge. Akazuiwa kugombea, na chuo kikuu kikakataa kumrudisha. Kwa siku chache alikosa kazi na nyumba pia, huku ana watoto watatu. Tangu hapo miti ikawa kazi yake yote.

Ardhi ya wote

Mwaka wa 1989 serikali ya rais Daniel arap Moi ilitaka kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, bustani ambapo maskini wa Nairobi wanapumzika Jumapili. Wangari aliandika barua kwa wakubwa wa serikali na kwa wageni wenye pesa. Bungeni walimcheka, na shirika lake likafukuzwa katika ofisi za serikali. Lakini waliokuwa watoe pesa waliogopa, na jengo halikujengwa. Mwaka wa 1992, katika bustani hiyo hiyo, aligoma kula pamoja na mama waliodai watoto wao wafungwa wa siasa. Polisi wakampiga mpaka akazimia.

Ndipo ikafika zamu ya Karura. Mwaka wa 1998 ilijulikana kwamba vipande vya msitu huo wa serikali vilikuwa vimegawiwa kwa siri kwa watu wenye nguvu. Wangari na wenzake walienda mara nyingi na miche mikononi, wakapanda pale miti ilipokatwa. Tarehe 8 Januari 1999 walifika mlangoni wakiwa na wabunge na waandishi wa habari. Walitaka kupanda mti mmoja tu. Walinzi wengi wenye silaha za jadi waliwashambulia, na Wangari akapasuliwa kichwa. Alienda kwa polisi kushtaki, akatia sahihi karatasi ya mashtaka kwa damu yake mwenyewe.

Habari hiyo ilienea duniani. Wanafunzi wa Nairobi waliingia barabarani. Mnamo Agosti 1999 rais Moi alikataza ugawaji wa ardhi ya umma. Nyumba za Karura hazikujengwa.

Kutoka Nyeri mpaka bonde la Kongo

Utawala ulipobadilika mwaka wa 2002, watu wa Tetu walimchagua mbunge kwa asilimia 98 ya kura, na mwaka wa 2003 akawa naibu waziri wa mazingira. Tarehe 8 Oktoba 2004 habari ilimkuta kwao Nyeri: alikuwa amepewa Tuzo ya Nobel ya Amani, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Jibu lake la kwanza lilikuwa kupanda mti. Vikundi vyake vilikuwa vimekwisha kupanda zaidi ya milioni 30.

Mwaka wa 2005 marais wa Afrika ya Kati walimteua balozi wa misitu ya bonde la Kongo, ambayo zaidi ya nusu yake iko katika inchi yetu, na msitu wa Ituri ni sehemu yake. Mwaka wa 2008 alikuwa mmoja wa wenyekiti wawili wa mfuko wa pesa ulioanzishwa kulinda misitu hiyo. Katika safari hizo hakuacha kusema kwamba msitu hautapona kama wanaoishi ndani yake hawana sauti.

Heshima ya dunia haikumlinda nyumbani. Mwaka wa 2007 alipoteza kiti chake cha ubunge. Akarudi kwa vikundi vyake.

Alifariki Nairobi tarehe 25 Septemba 2011 kwa ugonjwa wa kansa, akiwa na miaka 71. Alikuwa ameomba asikatiwe mti kwa ajili ya sanduku lake. Walimtengenezea jeneza la mianzi, mafunjo na magugu ya ziwani. Serikali ilimpa mazishi ya kitaifa pale pale Uhuru Park, bustani aliyoipigania, kisha mwili wake ukachomwa kama alivyotaka.

Sheria ya misitu ya mwaka 2005, iliyopitishwa wakati yeye yuko wizarani, iliruhusu raia kuunda vikundi na kusimamia misitu pamoja na serikali. Kwa sheria hiyo Marafiki wa Karura walianza kazi mwaka wa 2009. Waliweka uzio, wakafungua njia, wakaajiri vijana wa vitongoji vya karibu kuwa walinzi. Mahali ambapo mama mmoja alipasuliwa kichwa kwa sababu ya mche mkononi, leo watoto wanaingia na wazazi wao, wanatembea, na jioni wanarudi nyumbani salama.