Richard Meinertzhagen: Kutoka milima ya Nandi hadi Yerusalemu

MNAMO Juni 1915 msafara wa meli za Waingereza uling'oa nanga bandarini Kisumu, ukafuata Ghuba ya Winam, ukapita maji ya Asembo na kutokea Ziwa Viktoria. Safari ilikuwa ya Bukoba, mji uliokuwa chini ya Wajerumani, na lengo lilikuwa kuuharibu mtambo wao wa mawasiliano ya redio. Katika kikosi hicho alikuwamo afisa mmoja wa upelelezi ambaye jina lake lilikuwa limekwisha kutajwa kwa uchungu katika milima iliyo nyuma ya Kisumu. Alikuwa Richard Meinertzhagen.

Bukoba ilitekwa tarehe 23 Juni. Miaka miwili baadaye afisa huyo huyo alikuwa katika jeshi la Uingereza mbele ya Gaza. Ni wachache walioshiriki kwa mikono yao wenyewe katika mambo ya nchi hizo mbili, ambazo zote ziliamuliwa na Uingereza bila wenyeji kuulizwa.

Meinertzhagen alizaliwa London tarehe 3 Machi 1878, katika ukoo tajiri wa wenye benki. Alifika Afrika Mashariki mwaka 1902, akajiunga na kikosi cha King's African Rifles. Reli kutoka Mombasa ilikuwa imefika Kisumu mwezi Desemba 1901, nayo ilikatiza kando ya nchi ya Wanandi, watu waliokuwa wakiupinga utawala wa Waingereza tangu mwaka 1895. Kiongozi wao alikuwa Koitalel arap Samoei, Orkoiyot aliyeheshimiwa kwa uwezo wa kuona mambo yajayo.

Tarehe 19 Oktoba 1905 Koitalel alikwenda kukutana na Meinertzhagen kwa mazungumzo ya kusimamisha vita. Hakurudi. Aliuawa papo hapo kwa risasi pamoja na wenzake kadhaa. Meinertzhagen alidai kwamba yeye ndiye aliyetegewa mtego. Wanandi wameshikilia hadi leo kwamba kiongozi wao aliitwa kwenye amani akauawa kwa hila. Mabaraza matatu ya uchunguzi ya kijeshi yalimwondolea hatia, lakini mwaka 1906 aliondolewa nchini. Wanandi walishindwa, wakapoteza sehemu ya ardhi yao na kusukumwa katika eneo la hifadhi.

Miaka hiyohiyo jirani na Wanandi palikuwa na jambo jingine. Mwezi Aprili 1903 Wayahudi 49 waliuawa katika mji wa Kishinev, uliokuwa chini ya Urusi, na maelfu walikuwa wakitafuta pa kukimbilia. Joseph Chamberlain, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, aliyekuwa amesafiri kwa reli hiyo mwishoni mwa mwaka 1902, alimpa Theodor Herzl, kiongozi wa harakati za Kizayuni, wazo la makazi ya Wayahudi katika Afrika Mashariki. Mpango huo uliitwa wa Uganda, kwa kuwa hadi mwaka 1902 eneo hilo lilihesabiwa upande wa Uganda. Lakini ardhi iliyokusudiwa ilikuwa uwanda wa Uasin Gishu, katika Kenya ya leo. Waingereza waliuona kuwa mtupu, ingawa wafugaji walikuwa na historia ndefu humo. Wajumbe watatu waliukagua mwanzoni mwa mwaka 1905, na mwaka huohuo Mkutano Mkuu wa Wazayuni uliukataa mpango. Macho yao yalibaki Palestina.

Waziri Mkuu wa Uingereza wakati wa pendekezo hilo alikuwa Arthur Balfour. Tarehe 2 Novemba 1917, akiwa Waziri wa Mambo ya Nje, ndiye aliyetoa tamko la kuunga mkono makao ya taifa la Wayahudi katika Palestina, kwa sharti kwamba haki za kiraia na za kidini za wakazi wengine zisidhuriwe. Kabla ya hapo, katika barua za mwaka 1915 na 1916, Uingereza ilikuwa imewaahidi Waarabu uhuru ikiwa wangewaasi Waturuki. Ahadi hizo mbili ziligongana, na ugomvi wake haujaisha.

Baada ya vita, Meinertzhagen alihudhuria mazungumzo ya amani ya Paris, na mwaka 1919 akawa Afisa Mkuu wa Siasa kwa Palestina na Syria. Hakuwa Myahudi, lakini aliwatetea Wazayuni kwa nguvu, akiamini kwamba wangekuwa marafiki imara wa Uingereza karibu na Mfereji wa Suez. Waarabu, waliokuwa wengi mno, hawakuwa na mtetezi wa namna hiyo. Sensa ya mwaka 1922 ilihesabu watu takriban 757,000, Wayahudi wakiwa kama 84,000 tu.

Mwezi Aprili 1920 ghasia zilizuka Yerusalemu. Wayahudi watano na Waarabu wanne walikufa. Meinertzhagen aliwashutumu maafisa wenzake kwamba waliwachochea Waarabu, na Jenerali Allenby akataka aondolewe. Kuanzia mwaka 1921 hadi 1924 alikuwa mshauri wa kijeshi katika Wizara ya Makoloni, chini ya Winston Churchill mwanzoni.

Uzeeni alichapisha shajara zake, na alisifiwa pia kama mtaalamu wa ndege. Sifa hizo zimechakaa. Uchunguzi uliofanywa baada ya kifo chake ulionyesha kwamba aliiba mizoga ya ndege iliyohifadhiwa katika makumbusho na kuipa maelezo ya uongo, na wanahistoria wanatilia shaka sehemu za shajara hizo.

Alifariki London tarehe 17 Juni 1967 akiwa na umri wa miaka 89, wiki moja tu baada ya Vita vya Siku Sita, ambavyo Israeli iliteka Ukingo wa Magharibi na Gaza.

Mwaka 2006 fimbo za Koitalel, zilizokuwa zimehifadhiwa na familia ya Meinertzhagen kwa karne nzima, zilirudishwa Kenya. Wanandi walizipokea kwa heshima, kwa maana kwao habari ya mwaka 1905 haijawahi kuwa ya kale. Huko Palestina pia, Waisraeli na Wapalestina hawajasahau yaliyoamuliwa miaka hiyo, na bado wanayalipia kwa damu.