Tito Okello: Jenerali aliyekalia kiti, amri zikabaki kwa wengine

Wafanyabiashara wakongwe wa Arua na Koboko wanalikumbuka vizuri jina la Jenerali Tito Okello Lutwa. Kwao, jeshi lake lilikuja kwanza kama adui, baadaye kama mshirika.

Okello alizaliwa mwaka 1914 Kitgum, katika nchi ya Waacholi. Mwaka 1940 alijiunga na King's African Rifles, jeshi la mkoloni ambalo lugha yake ilikuwa Kiswahili. Idi Amin, mtu wa ukoo wa Koboko, alipotwaa madaraka mwaka 1971, Okello alikimbilia Tanzania. Alirudi mwaka 1979 pamoja na majeshi yaliyomng'oa Amin, kisha akawa mkuu wa jeshi jipya, UNLA.

Oktoba 1980 askari wa zamani wa Amin walivuka mpaka wakashambulia Koboko na Arua. UNLA ikalipiza kisasi kwa raia. Maduka yaliporwa, nyumba zikachomwa, na maelfu wakakimbilia Zaire na Sudan. Juni 1981 raia waliojihifadhi katika misheni ya Ombaci, karibu na Arua, waliuawa humo humo.

Tarehe 27 Julai 1985 Bazilio Olara-Okello aliongoza mapinduzi dhidi ya Rais Milton Obote. Siku mbili baadaye mzee Tito aliapishwa kuwa mkuu wa nchi. Aliwaita wapiganaji wa kila upande, wakiwemo FUNA, askari wa zamani wa Amin kutoka West Nile. Wakaja. Lakini mjini Kampala kila kikundi kilishika eneo lake na kumtii kamanda wake, si rais.

Tarehe 17 Desemba, jijini Nairobi, mbele ya Rais Moi, Okello na Yoweri Museveni walitia saini mkataba wa amani. Mapigano hayakukoma. Siku 40 baadaye, tarehe 26 Januari 1986, NRA iliiteka Kampala. Okello alikimbilia Sudan, kisha akaishi Tanzania. Alirudi nyumbani mwaka 1993, akafariki mwaka 1996. Mwaka 2010 serikali ilimpa nishani ya heshima.

Anayevusha mzigo Vurra au Oraba anajua kwamba muhuri una thamani pale tu askari wa kizuizini anapoutii. Okello alikuwa na muhuri wa nchi nzima. Vizuizi vilikuwa vya wengine.