Harold Beverage, mhandisi aliyesikia ng'ambo kwa waya mrefu

Wasimulizi wa historia ya redio hupenda kuwatukuza waliorusha mawimbi hadi mbali, wakawasahau waliojitaabisha kuyapokea. Harold Beverage, mhandisi Mmarekani aliyefariki mwaka 1993 akiwa na umri wa miaka 99, alikuwa wa kundi hili la pili.

Alizaliwa Oktoba 14, 1893 katika kisiwa cha North Haven, jimbo la Maine. Baada ya kuhitimu uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha Maine mwaka 1915, aliajiriwa na kampuni ya General Electric mjini Schenectady, alikofanya kazi na Ernst Alexanderson, mbunifu wa mitambo mikubwa ya kurushia mawimbi. Mnamo 1920 alihamia kampuni changa ya RCA.

Enzi hizo mawasiliano ya redio kati ya Marekani na Ulaya yalitegemea masafa ya chini, ambayo wimbi lake moja lilikuwa na urefu wa kilomita 10 au zaidi. Adui mkubwa wa masafa hayo ni radi. Umeme unaopiga katika nchi za joto hutoa mikwaruzo inayosafiri maelfu ya kilomita, na yeyote aliyewahi kufungulia redio ya AM usiku wa mvua anaijua kelele hiyo. Kuongeza nguvu ya kipokezi hakufui dafu, maana kelele nayo huongezeka sawia na ujumbe.

Hata hivyo, katika pwani ya mashariki ya Marekani sehemu kubwa ya kelele ilitoka kusini magharibi, ilhali ujumbe wa Ulaya ulitoka kaskazini mashariki. Kilichohitajika, basi, ni antena yenye kusikia upande mmoja na kuwa kiziwi kwa upande wa pili.

Beverage alibaini kwamba waya mrefu ulionyooshwa kuelekea kwa mrushaji, karibu na ardhi, ulikuwa na tabia hiyo. Ardhi huliinamisha wimbi kidogo linapopita juu yake, nalo hujenga umeme hatua kwa hatua kwenye waya hadi kufika kwenye kipokezi likiwa limekomaa. Kelele inayoingia kwa nyuma huelekea ncha ya pili, ambako hukutana na rezista ya mamia kadhaa ya omu iliyounganishwa na ardhi, ikamezwa humo. Rezista hiyo ikiondolewa, kelele hurudi kama mwangwi na faida yote hupotea.

Hataza ilitolewa Juni 1921 kwa jina la Beverage, na antena ikaitwa kwa jina lake. Haki ilikuwa iwe pana zaidi. Nadharia kamili ilichapishwa mwaka 1923 na watu watatu: Beverage, Chester Rice na Edward Kellogg. Hao wawili hawatajwi sana katika habari za antena, ingawa ndio waliobuni spika ambayo muundo wake ungali ndani ya redio nyingi leo.

Umaarufu wa waya huo ulienezwa na wanaredio wa ridhaa. Sheria ya Marekani ya mwaka 1912 ilikuwa imewasukuma kwenye mawimbi ya mita 200 na chini yake, yaliyodhaniwa hayafai kitu. Jaribio lao la kusikika Uingereza mapema mwaka 1921 liliambulia patupu. Desemba mwaka huohuo, chama chao kilimtuma Paul Godley, bingwa wa vipokezi, hadi Ardrossan, Scotland. Humo, ndani ya hema shambani, katika baridi na mvua, alitandaza waya wa Beverage wenye urefu wa takriban mita 400 juu ya nguzo fupi. Alisikia zaidi ya stesheni 20 za Marekani, na ujumbe mzima kutoka stesheni moja ya Connecticut.

Kwa kituo cha RCA cha Riverhead, karibu na New York, waya ulikuwa wa kilomita 14 hivi. Baadaye, mawimbi mafupi yaliposhika hatamu, Beverage na Harold Peterson walibuni mbinu ya kutumia antena kadhaa zilizotengana, ili moja inapofifia nyingine isikie. Alistaafu mwaka 1958.

Wanaredio wa ridhaa wangali wanautandaza waya wake, hasa kwenye mawimbi ya mita 160, ambako mita 200 au 300 za uwanja hutosha. Mkutano wa kimataifa wa mwaka 2007 uliwafungulia pia masafa yanayokaribia kilohezi 136. Wimbi la hapo lina urefu wa zaidi ya kilomita 2, na wengi wao, kwa kukosa shamba la ukubwa huo, husikilizia kitanzi cha waya kilichowekwa uani.